Marehemu Anauza Nyanya Chungu

Mampong, 3 Oktoba 1994

Mjukuu wangu Afrakoma,

Hujambo? Na shule yako huko Tamale haijambo? Mimi sijambo, ni goti tu, ila wewe umeandika nimekufa, kwa hiyo na goti nalo limepumzika, nashukuru.

Usijifanye hujui. Ile karatasi uliyomtumia Serwaa akupigie taipu, ya kuombea nafasi kwenye chuo cha ng'ambo cha kusomea kufundisha walimu, nimeisikia yote. Si unajua kibanda chake na meza yangu ya nyanya chungu vimegusana? Nilimwona anasoma huku anafuta macho. Nikamuuliza, "Nani kafa?" Akaificha ile karatasi. "Serwaa, soma kwa sauti au leo unapika bila nyanya chungu." Akasoma. Kumbe aliyekufa ni mimi.

Tena kwa njaa! Kwenye kibanda cha udongo, nimekumbatia kitabu nisichojua kukisoma, nakuita jina. Ptuu! Nimetema mate mpaka Serwaa akasogeza mashine yake. Mimi Pokuaa, ambaye fufu yangu ya mihogo ya kutwanga watu wanaifuata kwa harufu, nife njaa? Na haya mabati aliyaezeka nani? Yule fundi alikuwa mlevi, aliezeka upande mmoja akalala hukohuko juu, ikabidi nipande mwenyewe na... haya, Serwaa anasema tuache.

Kwetu mtu akifa anavaliwa nyekundu na nyeusi, anatangazwa redioni, watu wanakula wanashiba. Wewe umenizika kwenye karatasi, hata ngoma hakuna. Mtu anataka kufundisha walimu, anaanza na uchafu huu! Nimemkataza Serwaa asipige hata herufi moja.

Bibi yako,
Nana Pokuaa

(Serwaa hapa. Nimeandika alivyosema, hata ile "ptuu".)


Tamale, 9 Oktoba 1994

Nana wangu,

Shikamoo. Pole na goti. Mimi mzima, watoto darasani wamefika sabini na wawili, wazima pia. Mgonjwa ni mashine yetu ya taipu, imekatika mkono, ndiyo maana namtegemea Serwaa.

Nana, nisamehe. Nafasi za kusomeshwa ni mbili tu kwa nchi nzima. Mwalimu mkuu wetu, Bwana Boahen, alisoma maelezo yangu ya kwanza akasema ni makavu, wale watu wanataka machozi. Akaniuliza, "Huna marehemu?" Nikamwambia mama alifariki nikiwa mchanga. Akasema hiyo kila mwombaji anayo.

Kuna swali pale: nani alikufundisha kufundisha? Nijibu nini? Kwamba bibi yangu alikaa anamenya mihogo, mimi nasoma, yeye anasema "rudia, umekosea"? Watanicheka. Ofisi ya Accra inafunga kupokea maombi tarehe thelathini na moja. Nikikosa mwaka huu umri wangu unapita. Tafadhali mwachie Serwaa apige.

Mjukuu wako,
Afrakoma


Mampong, 14 Oktoba 1994

Mjukuu wangu,

Salamu nimezipata, za kwangu upokee, goti vilevile.

"Huna marehemu?" Mtu mzima anauliza hivyo, kama anaulizia chumvi kwa jirani! Chakula kimenishinda siku ile. Nimempa mbuzi, naye mbuzi kanusa tu, kaacha.

Sasa sikia. Ulipokua ulijua kwamba sisomi. Lakini hujawahi kuniuliza nilijuaje kwamba umekosea. Mimi sikuwa nasikiliza herufi, nilisikiliza sauti. Mtoto anayebahatisha sauti yake inaingia ndani, kama kuku aliyeona mwewe. Hapo ndipo nasema rudia. Sikukupiga, sikukutukana. Rudia tu, mpaka sauti inatoka nje yenyewe.

Wakikucheka kwa hilo, basi hawajui wanachokifundisha. Andika hilo. Na unifufue.

Bibi yako,
Nana Pokuaa


Tamale, 22 Oktoba 1994

Nana,

Shikamoo. Mimi mzima. Barua yako niliisoma darasani, watoto wakanishangaa. Nami nawafanyia hivyohivyo kila siku, nasikiliza sauti, wala sikujua nilikoitoa.

Nimeandika upya. Serwaa apige kisha aitume moja kwa moja Accra, muda hautoshi kunirudishia.

Mjukuu wako,
Afrakoma


Mampong, 27 Oktoba 1994

Afrakoma,

Salamu baadaye.

Serwaa amenisomea. Mihogo ipo, "rudia" ipo, vizuri, hata nikajisikia mtu. Ukurasa wa pili, sauti yake ikaingia ndani. Nikamwambia rudia. Akarudia, akaruka kitu. Rudia! Kumbe umeandika "marehemu bibi yangu".

Akatoa na kikaratasi ulichomtumia kwa siri. Ati Bwana Boahen alishatuma barua yake ya kukusifu, na ndani amesema kifo changu kilikukomaza, kwa hiyo lazima zifanane. Yaani nibaki kaburini ili Bwana Boahen asiaibike! Nimetema mate tena, na safari hii sikuangalia yanaangukia wapi.

Hilo neno nimelifutisha. Kisha nimeambatanisha barua yangu. Serwaa amekataa, amelia, mwishowe amepiga. Inasema hivi: "Mimi Pokuaa ndiye marehemu anayesemwa. Nauza nyanya chungu Mampong. Aliyesema nimekufa ni mjukuu wangu, naye mwalimu mkuu akalitia hilo kwenye barua yake. Imenichukiza sana. Lakini mtoto hawezi kubahatisha mbele ya Afrakoma asimsikie, na hilo hamtamfundisha ninyi. Mchukueni au mwacheni." Chini nimeweka dole gumba langu, wino mpaka kwenye kucha, haujatoka hadi sasa.

Kwarteng, dereva wa basi la Accra, ameondoka na bahasha asubuhi. Najua huenda nimekukosesha. Ukikosa, njoo unigombeze hapa mezani, nitakuwepo wa kugombezwa. Na ukija nitakumalizia habari ya yule fundi wa mabati, maana siku ile nilipopanda...

Nani huyo, Serwaa? Mteja?

"Nana Pokuaa! Upo?"

Nipo! Nakuja!

Liandike na hilo, Serwaa. Kwamba nimeitwa, nikaitika.