Kioo Kilichoonyeshwa Mapema

Tokyo, 16 Aprili

Mama yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naulizia ngozi yako kabla ya kukuulizia wewe mwenyewe, maana najua ukiulizwa wewe utasema hujambo tu. Mabaka ya shingoni yamepoa? Mimi ni mzima. Maua ya cheri yamekwisha kupukutika na watu wamerudi kazini wamenuna. Plamu za chumvi ulizonitumia nazila moja moja, kwa ubahili.

Leo nina jambo litakalokufurahisha. Unaijua kazi yangu hapa ofisi ya hataza: mtu akibuni kitu anakileta kwetu apewe haki ya kukimiliki peke yake kwa miaka kadhaa, na mimi napekua dunia nzima nione kama kuna aliyemtangulia. Miaka sita nimepekua vitasa vya milango na mikanda ya viti. Wiki hii nimeletewa kioo cha dirisha la gari ambacho jua likiwaka kinajitia giza chenyewe, likifichama kinarudi cheupe. Na ndani yake mna utando unaozuia miale ya urujuanimno, ile ile isiyoonekana inayokuchoma wewe. Maombi yake yameshatangazwa kwa umma, kwa hiyo sivunji siri kukusimulia. Nitakaloamua ndilo nisiloweza kulisema.

Kila nikisoma nakuona wewe kwenye kiti cha nyuma, umejifunika blanketi hadi kichwani, tunakwenda hospitali. Je, ungekubali kukaa karibu na kioo kama hicho?

Mwanao,
Mizuho


Itoigawa, 9 Mei

Mwanangu Mizuho,

Barua yako imenifikia nikiwa salama, nawe naomba ikukute hivyo hivyo. Mabaka yamepoa, yamebaki mawili ya ukaidi. Mashamba ya mpunga yameshatiwa maji, na vyura wanapiga kelele utadhani wamelipwa.

Sasa nina maswali, na usiniambie ni ya kitoto. Kioo kinajuaje kwamba jua limewaka? Na kikiwa cheupe, nani anaizuia hiyo miale? Unakumbuka nilivyodanganywa na teksi ya vioo vyeusi: nilikaa kwa raha zangu, nikashuka upande mmoja wa uso umeiva. Giza si kinga, hilo nimelijua kwa ngozi yangu. Halafu, hicho kioo hakichoki?

Maswali hayo niliwahi kumwuliza mwenyewe, ila ngoma zilikuwa nyingi, sikumsikia vizuri. Ndiyo, mwenyewe. Usinune. Kioo hicho si cha mzee Isobe wa karakana ya vioo karibu na daraja? Hapa kwetu hakuna mwingine mwenye wazimu wa namna hiyo. Nimewahi kukaa ndani ya gari lake. Sikukuambia kwa sababu ungenigombeza, mgonjwa wa jua kutoka nje mwezi wa Agosti. Ilikuwa siku ya tamasha la kiangazi, kiangazi cha tatu nyuma. Alikuwa amekitia kwenye kigari chake kikuukuu, anazungusha watu bandarini na kurudi, foleni ya watoto na mabibi. Nikaenda na mwavuli, glavu na kofia, nikakaa dirishani. Mizuho, niliiona bahari saa sita mchana. Miaka kumi na mmoja sikuwa nimeiona mchana. Ilikuwa buluu kuliko nilivyokuwa nikiikumbuka. Nililia, na mzee Isobe akajifanya anatazama nyuma.

Kila aliyepanda alipewa naye upepeo wa karatasi wenye mchoro wa kioo chake: tabaka hili linafanya hivi, lile linafanya vile, mishale kila mahali. Wangu napoza nao wali wa siki hadi leo. Basi mpe hataza yake, ngoja ngoja huumiza matumbo. Dukani wanasema kampuni moja kubwa ya magari imeahidi kuvitengeneza kwa wingi na kumlipa haki yake, mradi aipate hiyo karatasi kwanza. Hapo na mimi nitatafuta kigari kidogo, nijiendee zangu mchana kama watu wengine.

Mama yako


Tokyo, 15 Mei

Mama,

Natumaini hujambo. Mimi sijambo kimwili tu. Moyo haujatulia tangu nisome barua yako.

Nianze na maswali yako, maana ni mazuri. Juu ya usukani kuna kijicho kinachopima mwanga, na jua likizidi kinapeleka umeme kidogo kwenye tabaka la katikati, ndilo linalogeuka giza. Utando wa kinga uko nje ya tabaka hilo na haupumziki, kioo kiwe cheusi au cheupe. Na ajabu yenyewe ni hii: lile tabaka la katikati nalo linaharibiwa na miale ile ile. Kwa hiyo utando unalilinda lenyewe kwanza, halafu unakulinda wewe. Kioo chenyewe ni mgonjwa wa jua, Mama.

Nimetafuta Korea, China, Ujerumani, Marekani. Hakuna aliyeyapanga matabaka namna hiyo. Nilikuwa nimebakiza kuandika kwamba nakubali.

Sasa sikiliza. Hataza hutolewa kwa kitu kipya tu. Ukishakionyesha kwa watu na kuwaeleza kinavyofanya kazi, si kipya tena, hata kama ni chako mwenyewe. Sheria inakuhurumia mwaka mmoja. Uje kwetu ndani ya mwaka huo na useme ulikionyesha. Mzee Isobe alikuja mwaka mmoja na miezi miwili baada ya tamasha unalolisema, na hakusema lolote. Upepeo wako wenye mishale ndio unaomwangusha.

Mama, una hakika ilikuwa kiangazi kile? Haikuwa mwaka jana? Kama ilikuwa mwaka jana hakuna ubaya, maombi yalikuwa yameshafika kwetu. Mambo ya tamasha huchanganyika kichwani. Tafadhali fikiri vizuri kabla ya kunijibu.

Mwanao,
Mizuho


Tokyo, 8 Julai

Mama mpendwa,

U mzima? Mvua za Juni zimepita sijaona mwandiko wako. Simu hupokei, lakini hiyo si habari, hukuwahi kuipenda. Nimempigia jirani yako wa duka la mboga, akaniambia ulinunua matango juzi na ukalalamikia bei. Nikashukuru.

Faili bado liko mezani kwangu. Mkuu wangu, bi Hatano, ameuliza kwa nini limelala, nikamjibu kwamba bado natafuta. Ni uongo. Hakuna ninachotafuta, nangojea barua yako tu.

Nilikuomba jambo baya, Mama, tena kwa maneno laini ili lisionekane baya. Nilitaka uende mchana kama watu wengine, nikataka uniambie mwaka mwingine ili nisione haya kazini. Nisamehe. Huna haja ya kunijibu kuhusu mwaka. Niandikie kuhusu matango tu, nijue hujanikasirikia.

Mwanao,
Mizuho


Itoigawa, 2 Agosti

Mwanangu Mizuho,

Sijakukasirikia, na matango hayakuwa na thamani ya bei ile. Joto limenifungia ndani, mapazia yote yameshushwa, naishi kama uyoga. Vipi wewe, unakula?

Unisamehe kwa kimya. Juni nzima nilikuwa naandika "ilikuwa mwaka jana" halafu nachana. Karatasi nzuri zimeisha, ndiyo maana umepata hizi zenye picha za paka.

Ilikuwa kiangazi kile kile nilichokuambia. Mwaka umepigwa chapa kwenye upepeo kwa wino mwekundu, chini ya jina la tamasha. Sitakudanganya, na sitaki udanganye watu kwa ajili yangu.

Ila kabla ya kukujibu nilimwendea mzee Isobe mwenyewe jioni moja. Nisingeweza kumsema mtu serikalini halafu kesho nikutane naye ananunua tofu. Nilimkuta anakata kioo cha bafu.

"Mama Mizuho! Leo umepotea njia?"

"Nimekuletea habari mbaya, Isobe-san. Zima mashine kwanza."

Nikamweleza yote. Akakaa juu ya kreti. Halafu akacheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele za watu.

"Yaani nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe," akasema. "Tena nikawachorea na mishale."

"Sasa kwa nini hukupeleka maombi kwanza, mtu mzima kama wewe?"

"Wakati wa theluji kilikuwa kinapasuka. Nani anapeleka serikalini kioo kinachopasuka? Ningechekwa. Nikakaa nacho mpaka kikatulia."

"Na tamashani ukakipeleka hivyo hivyo?"

"Agosti hakuna theluji."

"Usinijibu kama mtoto. Haraka ya nini?"

Akachukua kitambaa akaanza kufuta kioo ambacho kilikuwa safi kabisa. Alikifuta muda mrefu.

"Mimi nafunga karakana jioni," akasema. "Kila jioni nakuona unapita kwenda kununua samaki waliobaki, wenzako walishachagua wazuri mchana. Miaka yote hiyo. Nikajisemea, kiangazi hiki mama huyu aione bahari. Wale wengine kwenye foleni niliwapakia ili wewe usione haya."

Mizuho, nilikuwa nimekwenda kumpa pole, kumbe nilikuwa namwangusha mtu kwa wema alionifanyia mwenyewe. Inaniuma mpaka sasa ninapoandika.

Amesema ataleta upepeo ofisini kwenu yeye mwenyewe, binti yangu asije akaonekana mchongezi. Nimempa wangu, kwa sababu zake zote alishapepea nazo mkaa wa kuchomea samaki.

Mama yako


Tokyo, 20 Septemba

Mama mpendwa,

Natumaini joto limekuachia na madirisha yanapumua jioni. Mimi nakula, usijali. Juzi nimekula hata kokwa za chestnati za kwanza za msimu.

Nilimwambia bi Hatano kila kitu, pamoja na uongo wangu wa Julai. Akasema, "Mama yako yuko wapi? Ningependa tufahamiane naye." Kisha akanikaripia kwa dakika nyingi. Faili amepewa mwenzangu, maana shahidi ni mama yangu na mimi siwezi kulihukumu. Upepeo ulifika ndani ya bahasha iliyofungwa kwa gundi ya vioo. Ilibidi tuikate kwa kisu. Mzee Isobe aliandika sentensi moja tu: kwamba aliugawa kwa mikono yake, na aliyeupokea asisumbuliwe.

Jibu limetoka jana. Amekataliwa.

Mwambie jambo moja, maana watu wengi hawalijui. Kunyimwa hataza si kukatazwa kutengeneza. Maana yake ni kwamba kioo kile si mali ya mtu, ni cha kila mtu. Yeye hawezi kumzuia yeyote, na hakuna awezaye kumzuia yeye. Najua haimrudishii alichopoteza. Najua pia kwamba wewe ulikuwa unakingoja, na sijui wale wa kampuni kubwa watakitengeneza lini, wala kama watakitengeneza kabisa. Pole sana, Mama.

Mwanao,
Mizuho


Itoigawa, 11 Oktoba

Mwanangu Mizuho,

Salamu zako nimezipata, na za bi Hatano pia. Mwambie namwogopa kidogo. Baridi ya asubuhi imeanza. Mabaka yametulia, hata yale ya ukaidi.

Barua yako nilimsomea Isobe-san. Pale unaposema hakuna awezaye kumzuia, aliniomba nirudie. Wale wa kampuni kubwa hawampigii simu tena, wameshajua wanaweza kutengeneza bila yeye. Nilikasirika nikataka kuwaandikia barua kali. Akaniambia, "Waache. Wakitengeneza vingi, wengi wataona nje." Halafu akanuna siku mbili, maana naye ni binadamu.

Siku ya tatu nilikwenda kumwuliza kama kigari chake kinaweza kufika Tokyo.

"Kinafika," akasema, "mradi tusikiharakishe milimani. Unataka tuondoke jioni?"

"Asubuhi," nikamwambia. "Nataka kukaa dirishani."

Akakipima kile kioo upya, akabadilisha na waya za kijicho, akanifokea nilipotaka kumsaidia. Daktari nimemwuliza, amekubali kwa masharti mengi nitakayoyafuata karibu yote. Tunakuja Jumapili. Mwite Isobe-san kwa heshima, kama ninavyomwita mimi, mpaka nikuambie vingine, na usiniulize vingine ni vipi.

Usiandae makubwa. Tutafika saa sita mchana. Shuka utusubiri barabarani, usimame upande wenye jua. Tangu ukiwa msichana wa sekondari nimekuona kwa mwanga wa taa tu, na nataka kukutazama.

Mama yako