Wimbo wa Kukimbilia

Dada Deolinda wa Mtwara,

Sisi wazima, mihogo imeota. Kanisa lilikwisha kukuarifu kuwa kaka yako Zacarias alifariki kwa moyo. Mimi nakupa yaliyobaki.

Tangu vita, hapa Awasse akikimbia mmoja, tunakimbia sote. Siku Zacarias aliyorudia mbio zake za mazoezi za asubuhi, mtaa mzima ulishinda porini na vyungu kichwani. Jioni mke wangu, Wahida, akamwambia, "Kaka, ukikimbia uimbe, tujue ni wewe." Basi akaimba wimbo wa kanisani, ule ule mmoja, miaka mitatu. Sauti yake unaijua mwenyewe, dada.

Jumanne wimbo ulikatika karibu na kisima. Nilikuwa barazani na chai yangu. Nikamwambia Wahida, "Leo kasahau maneno." Nikacheka, sikunyanyuka. Waliomkuta ni wachota maji, jua limeshapanda. Hilo nimeona ulisikie kwangu.

Mazikoni kwaya iliuanza wimbo ule. Sisi wa msikitini tulisimama nyuma kwa adabu. Walipofika pale alipokatizia, kilio kikawashinda, wakanyamaza.

Tukaumalizia sisi.

Jirani yenu wa ukutani,
Tuaibo