Sifuri za Mbalamwezi

Alhamisi. Wingu limetanda juu ya ziwa tangu asubuhi lakini mvua imegoma, joto la mtaa wetu wa Pasiansi halina adabu, na mtoto tumboni anapiga mateke utadhani ndiye aliyeaibishwa.

Wiki mbili zimebaki niingie likizo ya uzazi. Atakuja mgeni kukaa kwenye kiti changu cha takwimu za uvuvi, nami sitaki kupigiwa simu nikiwa leba, eti dada, hii safu ya tano maana yake nini?

Leo nimeumbuka. Ripoti yangu ya dagaa ndiyo inayoamua akina mama wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, wapewe chanja ngapi za kuanikia. Nimeisoma kikaoni kwa madaha yote. Nilipomaliza, Mama Nyamizi, mwanika dagaa wa miaka mingi, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, dagaa hao mmewavua wapi? Mbalamwezi yote ile taa zetu zilikuwa ndani."

Kikao kizima kikaangua kicheko.

Kumbe dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu mitumbwi inapumzika, na siku hizo Deus, aliyenitangulia kazini, alikuwa anaandika sifuri. Mimi niliyekulia kwa ng'ombe Shinyanga nikadhani ni uzembe wake. Nikazijaza zote kwa wastani. Miezi minane!

Nimempigia Deus. Anacheka. "Aah dada, si kila mtu anajua hilo?"

Kila mtu nani? Miaka yote aliyokaa kwenye kiti hiki hakuacha hata mstari mmoja wa maelezo! Nilitamani nimvute masikio humo humo kwenye simu.

Kikao kimeahirishwa mpaka ripoti irekebishwe. Akina mama wataendelea kuanika mchangani kwa sababu yangu, na hilo linaniuma kuliko kicheko chao.

Basi mchana kutwa nimemwandikia mgeni wangu maelezo. Kila jedwali linatoka wapi, nani anapima, ndoo ni ya ukubwa gani. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: SIKU ZA MBALAMWEZI NI SIFURI. USIZIJAZE. Nikajiona shujaa.

Kabla ya kuzima kompyuta nikasoma tena. Mara tatu nimeandika "hapa fanya kama kawaida."

Kawaida ya nani, jamani?

Kesho nazifuta hizo "kawaida" moja moja, niandike hatua zenyewe. Deus nimemsamehe, ila kidogo tu.