Mtego Niliomtegea Wifi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limekubali kupanda ngazi. Sisi huku tunaendelea. Kaka alitoka hospitali juzi, na kidonda cha vile vidole viwili kinakauka.

Keti kwanza, mama. Niliyokueleza kwa simu yalikuwa nusu, nusu nyingine niliikalia.

Unakumbuka kaka alivyokuwa kabla ya matibabu, analala na kijiko mdomoni. Daktari alisema ni ugonjwa, si uvivu, akampa vidonge vya kumweka macho, kimoja kila asubuhi, basi. Alituonya kwamba wapo wanaovizoea wakataka zaidi na zaidi, na kwamba hata wasio wagonjwa huvitafuta ili wakeshe na masomo. Neno hilo la masomo liliniingia sikioni likakataa kutoka, maana wifi alikuwa anajiandaa na mtihani wa ualimu.

Chupa ya mwezi wa kwanza iliisha siku tano kabla ya wakati, ya pili siku kumi na mbili. Kaka akasema huenda vilimwagika. Mimi nikamtazama wifi. Unanijua, nikishamshuku mtu hata akipiga chafya naona ushahidi. Macho yake mekundu, nikaweka moyoni. Amebakiza chakula, nikaweka moyoni. Kumbe kaka ndiye aliyekuwa hagusi chakula kabisa, anaongea kama redio, tena amechukua zamu mbili kiwandani, nami nikawa namshukuru Mungu kwamba amepona.

Tulipoletewa chupa ya tatu, nikatega. Vidonge vya kweli nilivificha kwenye droo ya cherehani yangu, chupani nikatia vile vya kuimarisha mifupa, vyeupe, ukubwa uleule. Kila asubuhi nilimpa kaka kidonge chake halisi kwa mkono wangu, nikidai daktari anataka asimamiwe. Nilijiambia kwamba mwizi atameza vya mifupa na usingizi utamuumbua. Siku ya tatu nikamkuta wifi amelala mchana, kichwa juu ya daftari. Nikakupigia simu, nawe ukasema arudi kwao. Aliondoka na begi moja, akiapa kwamba hajawahi hata kuifungua chupa ile. Nikamjibu kwamba wezi wote huapa.

Siku mbili baadaye kaka akasinzia kwenye mashine ya kukatia karatasi.

Hospitali kaka alikiri kwa daktari mbele yangu. Alikuwa akijiongezea cha pili, siku nyingine hata cha tatu, ili zamu ya pili isimshinde, na mwishowe akawa bila hivyo hawezi hata kufunga kamba za viatu. Kilichomshangaza ni kwamba wiki ile alimeza vilevile na bado usingizi ukamwangusha. Mjomba aliposikia akasema basi wifi alibadilisha dawa kabla ya kuondoka ili amuue mumewe, na mmepanga kukutana Jumamosi kuivunja ndoa.

Mama, si wifi. Ni mimi. Mwili uliozoea vidonge vitatu niliuachia kimoja, nikampeleka mwanao kwenye kisu bila kujua. Wifi naye alilala mchana kwa sababu alikuwa anasoma, anapika na anatufulia sote, mimi nikiwemo. Naona aibu kiasi kwamba siwezi kuutazama mkono wa kaka ninapoubadilishia bandeji.

Vidonge nimevirudisha kwa daktari. Amesema kaka atapunguziwa polepole chini ya uangalizi, wala asiguse mashine. Jana nilimweleza kaka yote. Hakunitukana, ingawa ningependa anitukane. Aliniomba tu nimwandikie mkewe, kwa kuwa mkono ulioumia ndio wa kushikia kalamu.

Nakujua, mama. Utasema funika kombe mwanaharamu apite, aliyeondoka ameshaondoka. Ndiyo maana barua ya wifi niliitia posta jana, na yako nimeiandika leo. Yote uliyosoma hapa yamo humo, pamoja na aliyetoa amri ya kumfukuza.

Msalimie mjomba na majirani wote. Siku ya Jumamosi naomba barua hii isomwe kwa sauti, mkiwa wote mmeketi.

Ni mimi binti yako,
fundi cherehani