Simu Ambayo Shemeji Hakuikata

Shoga, acha unachofanya usome.

Unajua ile manifoldi ya kuingiza hewa kwenye injini ninayoiwaza tangu mwezi jana? Siyo ya kampuni iliyounda gari, lakini shemeji yangu fundi ameng'ang'ania niinunue. Eti gari langu la kubebea wanafunzi litapanda mlima bila kukohoa.

Leo mchana nimempigia. "Shemeji, niambie kweli, inafaa au nibaki na ya zamani?"

"Chukua shemeji, litaruka kama swala!"

Halafu hakukata simu. Shoga, HAKUKATA SIMU.

Nikamsikia akimwambia mtu, "Haiongezi nguvu hata ya kuku. Lakini yule hata nikimfungia mfuniko wa sufuria atashukuru."

Mfuniko wa sufuria! Mimi!

Huyo mtu akacheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema, "Mfungie tu afurahi. Si unaona anavyobeba watoto wa wenzake? Wake kashindwa kuwazaa miaka tisa."

Ile sauti ni ya mume wangu. Mume wangu, shoga. Yule aliyenishika mkono hospitali akasema hana haraka.

Nikasema, "Haloo." Shemeji akaanza kubabaika, "Aa, shemeji, tulikuwa tunatania tu..." Nikakata.

Manifoldi sinunui, na gari halikanyagi tena gereji ile.

Mume wangu ametuma ujumbe sasa hivi. Nikajua anaomba radhi.

Ameuliza kama nitachelewa kurudi, kwa sababu ana njaa.