Mwenyekiti wa Mashuka

Jumatatu, 7 Julai
Mashuka ya hoteli tena. Damu, matapishi, wanja, na mengine siyaandiki. Watu na pesa zao wanalala kama nguruwe, sisi tunafua. Kiwanda kizima feni inayozunguka ni moja, nayo iko juu ya meza ya meneja. Leo mwenzetu Rehema kaanguka mbele ya mashine ya pasi. Wakamburuta pembeni kama furushi, mashine haikuzimwa. Maji ya kunywa yananuka tangi. Kinyaa kimenifika kooni.

Jumanne, 8 Julai
Kikao cha chama chumbani kwetu, mtaa wa Al Baraha, huku ughaibuni. Chama chenyewe cha kuzikana na kufaana tu, Wakenya na Watanzania. Lakini sisi bila mwenyekiti, katibu na mhazini hatuwezi hata kugawana sukari. Mwenyekiti ni Mama Nekesa, wa Bungoma. Kasema kesho hakuna kupanda basi mpaka feni zifungwe. Wanepali wa chumba cha pili wamekubali.

Mgomo hapa marufuku. Ukishikwa unarudishwa kwenu, na huingii tena. Mama Nekesa ana binti chuo cha uuguzi, anamtegemea yeye peke yake. Nikamwambia, dada, kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Akasema basi niandae leso.

Jumatano, 9 Julai
Tumegoma! Dereva kapiga honi, yalla, yalla, hakuna aliyeinua mguu. Meneja kaja na shati tulilolipiga pasi sisi wenyewe. Mpole ajabu. Eti nani kiongozi, aje tunywe chai tuzungumze. Kawauliza Wanepali kwanza. Wakatazama viatu vyao. No leader, sir.

Akatugeukia sisi. Na sisi, wapumbavu wa kupenda vyeo, tukapiga vigelegele. Tukamvika Mama Nekesa kanga mpya mabegani, tukamsukuma mbele. Mwenyekiti wetu huyu hapa, sir! Sauti yangu ilizidi zote. Akaingia kwenye gari jeupe, anatupungia mkono.

Alhamisi, 10 Julai
Hajarudi. Sisi tumepanda basi. Simu haipatikani. Mlinzi kaja kuchukua begi lake.

Ijumaa, 11 Julai
Yuko Nairobi. Katuma ujumbe wa sauti, sauti imemkauka. Kafukuzwa nchini, kashuka kwenye ndege na kanga yetu mabegani. Chai hakuiona.

Meneja kaleta keki, kaiweka chini ya picha ya mtawala. Shukrani kwa utulivu wenu, kasema. Keki! Mtu kafukuzwa kama mbwa, sisi tunaletewa keki. Na wenzangu wakala, wakalamba vidole. Nikawachukia. Kisha na mimi nikala. Nilijichukia zaidi.

Jumapili, 13 Julai
Kikao. Katibu kasema lazima tuchague mwenyekiti mpya, katiba inataka hivyo. Watu wakaanza kuchunguza kucha zao. Walewale wa vigelegele. Ptuu!

Rehema akanyoosha mkono. Nampendekeza Mama Nekesa. Tukadhani joto limempanda tena. Katibu akasema hayupo nchini. Rehema akauliza kama katiba inakataza. Haikatazi. Tukapiga kura, kapita bila kupingwa.

Nikampigia kumpa habari. Kwanza kalia. Kisha akauliza kama tumerukwa na akili. Kisha akauliza, na feni je?

Jumatatu, 14 Julai
Hatukupanda basi. Meneja kaja. Nani kiongozi? Tukajibu kwa pamoja: Mama Nekesa. Akasema huyo khalas, kaondoka. Ndiyo, sir, yuko Bungoma, namba yake hii hapa. Wanepali nao wakasema Mama Nekesa, vibaya vibaya, lakini wamesema.

Akatutazama mmoja mmoja, anatafuta wa kumchukua. Simu yake haikunyamaza, hoteli zinadai mashuka. Shati zima likamtota jasho. Mwishowe akaiandika namba.

Alhamisi, 17 Julai
Tumerudi kazini jana. Mashuka yaleyale, uchafu uleule. Meneja hasemi na mtu. Feni nne zimefungwa.

Mchana Mama Nekesa kapiga. Hana kazi, binti kaacha chuo, karudi nyumbani. Hakutaka nimpe pole. Akauliza feni zinazunguka kweli, au zimewekwa pambo?

Nikapanda juu ya ndoo, nikainua simu karibu na feni, nikamwacha asikilize.