Sponji Ulizozichemsha

Kalenga,
S.L.P. 46,
Iringa.
11 Julai, 1976

Mpendwa mdogo wangu Didas,

Kamwene. Hamjambo huko Mtwara? Wifi Esta amepona malaria? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwaka huu imetukaba. Mama haondoki jikoni, anaota moto kutwa.

Kifurushi chako nilikipata juzi. Ahsante kwa kuhangaika, lakini nitakuwa mnafiki nikikuficha: nilipokifungua nililia. Sponji zote nyeupe pee, kavu, zinanukia sabuni. Nikasoma kikaratasi chako kwamba umezichemsha mara mbili na kuzianika siku tatu juu ya bati.

Didas, sikutaka za kuogea. Mama yeye amefurahi, kachukua moja anasugulia sufuria, anasema mwanawe ana adabu. Najua kwake ndiko ulikojifunza. Mama huyu hata viazi vya kumpelekea shangazi kule Nyololo huviosha kwanza, eti ni aibu kuwatumia watu udongo.

Ngoja nikueleze. Kile kipande cha sponji ya njano nilichokiokota nilipokuja kwenu Desemba nilikitia kwenye chupa ya spiriti, nikaja nacho maabara ya shuleni kwetu. Sponji ni mnyama wa baharini, hana meno wala miguu ya kukimbilia, hujilinda kwa sumu yake. Nilidondosha tone la spiriti ile kwenye sahani niliyootesha vijidudu, vikafa vyote kulizunguka, ilhali kwenye tone la spiriti tupu vilipona. Nikampelekea chupa hiyo profesa wangu wa zamani Dar es Salaam. Kanijibu kwamba humo mna kemikali isiyofanana na yoyote anayoijua, huenda hakuna aliyewahi kuiandika. Ila kwa matone hawezi kuthibitisha. Anataka kilo mbili kabla ya mwisho wa Agosti, maana mwenzake mwenye mashine ya kuipimia anarudi kwao Ulaya Septemba.

Sasa nimpe nini? Kemikali yote umeimwaga uani kwako pamoja na maji ya sabuni. Nimechoka, mdogo wangu. Mwaka wa tisa huu nafundisha watoto vitu walivyogundua wengine, na hiki kimoja nilichokigusa kwa mkono wangu kinaniponyoka.

Na hasira nyingine ni juu yangu mwenyewe. Nilikuandikia niletee sponji za njano, basi. Sababu niliificha, nikiogopa mtanicheka na Esta kwamba dada ameanza tena mambo yake ya chupa. Mstari mmoja tu ungetosha.

Nakusihi urudi kwenye mwamba ule ule, bamvua ya mwisho wa mwezi huu, maji makubwa yakitoka mpaka mbali. Kata za njano tu. Usizioshe, usizikamue, usizianike. Zitie kwenye debe, uzifunike kwa spiriti, fundi bati azibe mfuniko, kisha umkabidhi dereva wa lori unayemwamini aniletee. Ukikosa bamvua hiyo, nyingine ni wiki mbili baadaye, na debe huenda lisimfikie profesa kabla Agosti haijaisha.

Msalimie sana wifi na mwanenu Yotamu. Baba mdogo Marcelino anawasalimu, mguu wake unaendelea vizuri. Mungu awatunze na homa za huko.

Nimemsomea Mama barua hii. Ameniagiza nikwambie usithubutu kumtumia mtu kitu kinachonuka. Mimi dada yako nakwambia, kitume.

Ni mimi nikupendaye, hata kwa hasira hizi,
Benedicta Kalinga